Jua la Mei, maji ya barafu: nimealikwa kupiga kasia Ziwa Superior, nijiandae vipi?

Mkerewe wa Duluth aliuliza:

Habari za majumbani, ndugu zangu. Ninaishi Duluth, jimbo la Minnesota, kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, na ninaomba ushauri wa wale wanaoyafahamu maji ya huku. Wenzangu wa kazini wamenialika twende kupiga kasia kwa kayaki Jumamosi moja ya katikati ya Mei, kandokando ya ufuko wa kaskazini, na wamesema naweza kumchukua mwanangu wa miaka 12. Utabiri unaonyesha nyuzi 23 za Selsiasi na anga safi, na baada ya theluji ya miezi mingi kila mtu mjini amekwisha kutoa kaptura kabatini.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Nimekulia kwenye mitumbwi ya Ziwa Victoria, na kuogelea sikufundishwa na mtu, maana kwetu mtoto huyajua maji kabla hajaijua shule. Ndiyo maana nilishangaa jirani yangu mmoja mzee, aliyezaliwa hapa hapa, aliponiambia kwamba ziwa bado lina nyuzi 4, na kwamba kwenye maji hayo anayejua kuogelea hufa karibu na ufuko sawasawa na asiyejua. Wenzangu wao wanasema tutakuwa mita 100 tu kutoka nchi kavu, kila kayaki itakuwa na jaketi okozi nyuma ya kiti, na haipothemia, yaani joto la mwili kushuka kupita kiasi, haimpati mtu mara moja, humchukua muda mrefu. Nimsikilize nani? Na kama nikienda, nivae nini siku ambayo watu wengine watakuwa wamevaa fulana?

Nanga ya Bayfield alijibu:

Ndugu Mkerewe, msikilize mzee jirani yako. Mimi ni mtu wa Lamu niliyehamia Wisconsin, na wakati wa kiangazi huongoza wageni wa kayaki kwenye visiwa vya Apostle, upande wa kusini wa ziwa hilo hilo. Nianze na hoja ya wenzako kuhusu haipothemia, kwa sababu hesabu yao ni sahihi lakini haijibu swali lako.

Ni kweli kwamba kushuka kwa joto la ndani ya mwili huchukua muda. Mtu mzima akitumbukia kwenye maji yanayokaribia kuganda, itapita nusu saa, na mara nyingi karibu saa nzima, kabla hajapoteza fahamu kwa sababu ya baridi peke yake. Tatizo ni kwamba wengi wanaokufa hawafiki huko. Hufa katika dakika za mwanzo, mwili ukiwa bado na joto lake lote, kwa sababu ya kile wataalamu wanachokiita mshtuko wa baridi. Ngozi inapopoa kwa ghafla, mtu huvuta pumzi moja kubwa asiyoweza kuizuia, ambayo yaweza kufika lita 2 au 3, na kama wakati huo kichwa kiko chini ya maji, kinachoingia mapafuni ni maji. Kisha huja kutweta kusikotulia, moyo hwenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na yule ambaye kwa kawaida angeweza kubana pumzi kwa dakika nzima hujikuta hawezi kuibana hata kwa sekunde 10. Hali hiyo hufikia kilele ndani ya nusu dakika ya kwanza na hutulia baada ya dakika moja hadi tatu, ikiwa mtu amefanikiwa kuuweka mdomo wake juu ya maji muda wote huo. Ustadi wako wa Ukerewe hautakusaidia hapo, maana kila mtindo wa kuogelea unadai pumzi inayotii, na dakika hiyo pumzi haitii.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, amelifupisha jambo hili kwa tarakimu ambazo waendeshaji boti wa huku huzikariri: 1, 10, 1. Una dakika 1 ya kuitawala pumzi yako, una dakika 10 hivi za kufanya kazi yenye maana kwa mikono na miguu, na una saa 1 kabla ya kuzirai. Hiyo namba ya katikati ndiyo watu huidharau. Damu huikimbia mikono na miguu ili kukilinda kifua, misuli na mishipa ya fahamu ya viganja hupoa, na vidole hukataa kazi. Muogeleaji hodari huanza kupiga maji kwa mikono isiyonyooka, miguu inazama, mwili unasimama wima, na safari ya mita 100 inakuwa ndefu kuliko uwezo wake.

Kwa hiyo jaketi lililo nyuma ya kiti si la kuhesabiwa. Kama huniamini, jaza ndoo maji na barafu, tia viganja vyote viwili humo kwa dakika 3 (alimradi huna maradhi ya moyo wala ya mishipa), kisha jaribu kulivaa jaketi, kuzifunga kamba zake na kupiga namba ya dharura kwenye simu. Fanya hivyo ukiwa umekaa jikoni kwako, pasipo mawimbi, kisha utuambie.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa ziwa hili halioni kwa urahisi. Siku zenye joto katika Mei hapo Duluth mara nyingi ni zile ambazo upepo unatoka nchi kavu, magharibi au kusini-magharibi. Upepo ukigeuka na kutoka ziwani, mji mzima hupoa na ukungu huingia hadi mitaani. Maana yake ni kwamba siku ile inayovutia kwenda majini ndiyo siku ambayo upepo unasukuma kila kitu mbali na ufuko. Na kwa kuwa upepo huo haujapata nafasi ya kuinua mawimbi, maji ya kandokando hulala kimya kabisa, mtu akadhani ziwa limetulia, kumbe kila anapopumzisha kasia anachukuliwa. Akishafika mbali hukutana na mawimbi aliyokuwa hayaoni akiwa ufukoni, na safari ya kurudi ni ya kupambana na upepo.

Kuhusu mavazi, kanuni ni moja: vaa kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya hewa. Kwa nyuzi 4 ninazungumzia suti isiyopitisha maji, ile yenye mpira unaobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono, ukiwa umevaa ndani yake sufu au poliesta nzito, pamoja na kofia na glavu za neopreni, ule mpira laini unaohifadhi joto. Suti ya neopreni kama ya wapiga mbizi ni afadhali kuliko kutovaa kitu, lakini kwa maji hayo ile nyembamba ya kiangazi haitoshi. Nguo za pamba ziache nyumbani. Utatokwa na jasho ukiwa ufukoni. Chota maji, jimwagie kichwani, uendelee na safari.

Nahodha Mstaafu alijibu:

Nimesoma kwa makini, na sikatai kwamba maji baridi ni hatari, lakini naona mnamtisha mwenzetu kupita kiasi. Nimefanya kazi melini miaka mingi na sasa ninaishi Toronto. Hapa kila mwaka naona watu wazima, wengine wamenipita umri, wakiingia Ziwa Ontario kabla barafu haijaisha kandokando, na wanatoka wakicheka. Kule Finland watu hutoboa barafu, wakazama hadi shingoni, kisha wakaenda kunywa kahawa. Mwili huzoea. Mtu aliyekulia majini tangu utotoni hawezi kulinganishwa na mtu wa mjini ambaye hajawahi kulowa. Mwambieni avae jaketi lake, akae karibu na ufuko, afurahie siku yake. Mambo ya suti ya dola 1,000 ni biashara ya maduka.

Muuguzi wa Tromsø alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Ninaomba kutofautiana nawe kwa heshima, ingawa sehemu ya maneno yako ina ukweli ambao wengi hawaujui.

Kuzoea kupo. Tafiti za Profesa Mike Tipton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, zilionyesha kwamba mtu akiingizwa kwenye maji baridi kwa dakika chache, akarudia hivyo mara 5 au 6, mshtuko wake hupungua kwa karibu nusu. Hao waogeleaji wako wa Toronto na wa Finland wana faida hiyo. Lakini tazama namna wanavyoingia: wanashuka ngazi hatua kwa hatua, kwa hiari yao, kichwa kikiwa juu, wakijua watatoka baada ya dakika moja au mbili na kwamba taulo liko hapo kando. Mpiga kasia hutumbukia bila kutarajia, kichwa kikitangulia, akiwa amevaa nguo na viatu, na ngazi ya kutokea hana. Tena kuzoea huko hupunguza mshtuko tu. Hakuzuii viganja kufa ganzi. Na mwili uliozoea Ziwa Victoria, ambalo juu yake huwa na nyuzi 24 hadi 27 mwaka mzima, umezoea maji ya uvuguvugu. Kwa baridi hii ya huku Ukerewe haikumpa ndugu yetu mazoezi yoyote.

Kwa upande wa moyo kuna jambo ambalo sisi tunaofanya kazi hospitalini tunalihofia. Ngozi ya mwili ikipoa ghafla, moyo huamriwa kwenda mbio. Uso ukizama kwenye maji baridi, moyo huamriwa kwenda polepole. Mtu anayepinduka na kayaki hupata amri zote mbili kwa wakati mmoja, na mapigo yanaweza kuvurugika, hasa kwa mwenye maradhi ya moyo ambaye pengine hajui kama anayo. Ndiyo maana wakati mwingine mtu hutoweka kimya kimya bila kupiga hata kelele.

Niongeze kuhusu baada ya kuokolewa, kwa sababu hapo napo watu hufa. Mtu aliyekaa majini muda mrefu mtoeni akiwa amelala, msimsimamishe, maana maji yalikuwa yakiibana miguu yake na kuusaidia mzunguko wa damu, na msaada huo huondoka mara anaponyanyuliwa wima. Msimsugue mikono na miguu, msimpeleke kwenye bafu la maji moto, msimpe pombe hata kama anaiomba. Mvueni nguo zilizolowa taratibu, mkaushe, mfunike kwa mablanketi hadi kichwani, na joto mlielekeze kifuani na kwapani. Kama ana fahamu kamili na anaweza kumeza, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Kama alimeza au kuvuta maji, apelekwe hospitali hata akisema amepona.

Na kama hapumui, anzeni kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, na msikate tamaa mapema. Tarehe 11 Februari 2011, katika ghuba ya Præstø nchini Denmark, mtumbwi mrefu wa makasia ulipinduka ukiwa na vijana 13 na walimu 2, maji yakiwa na nyuzi 2 hivi. Mwalimu mmoja alifariki. Vijana 7 walipatikana mioyo yao ikiwa imesimama. Waliendelea kukandamizwa vifua njia nzima, na hospitalini damu yao ikapashwa joto kwa mashine nje ya mwili. Wote 7 waliishi. Baridi ile ile iliyosimamisha mioyo yao ilikuwa imelinda ubongo. Hata hivyo sitaki mtu alichukue tukio hilo kama sababu ya kujipa moyo, kwa sababu walihitaji helikopta nyingi na hospitali kubwa iliyojiandaa, na ukiwa kwenye ufuko wa mawe nje ya Duluth huna uhakika wa kuvipata kwa wakati.

Nahodha Mstaafu alijibu:

Marahaba mwanangu. Hilo la kuingia kwa ngazi na kutumbukia kichwa mbele sikuwa nimelitofautisha, na nalikubali. Ila kuhusu bei nabaki pale pale: ushauri usioweza kununulika watu hawaufuati, na mwisho wake huingia majini na fulana.

Mkerewe wa Duluth alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimefanya jaribio la ndoo. Dakika ya kwanza ilikuwa maumivu ya mifupa, ya pili nikadhani nimezoea, na ya tatu sikuwa na hisia tena kwenye ncha za vidole. Jaketi nililivaa, lakini kile kibanio cha plastiki cha kiunoni sikuweza kukifunga. Nilikuwa nakiona kwa macho, nakigusa, wala sijui kama nimekishika. Simu haikuutambua mguso wa kidole changu kilicholowa. Mwanangu alikuwa akinishikia saa, na alicheka mpaka alipojaribu yeye.

Nahodha amenisemea kuhusu bei. Nimetazama dukani: suti isiyopitisha maji ya mtu mzima inafika dola 1,000 na zaidi, na ya mtoto sikuiona kabisa. Je, kuna njia ya katikati? Na je, tukihamia kwenye maziwa madogo ya ndani au kwenye mlango wa Mto St. Louis, ambako wanasema maji hupata joto mapema, hatari inaisha?

Nanga ya Bayfield alijibu:

Nahodha ana haki kuhusu bei. Ndugu Mkerewe, suti hizo hukodishwa. Maduka mengi yanayokodisha kayaki kwenye ukingo wa Superior yana suti za neopreni nzito, na baadhi yana suti zisizopitisha maji. Piga simu kabla, uliza saizi, na uliza hasa kama mpira wa shingoni ni mzima, kwa kuwa ukichanika suti hujaa maji. Mwanao usimkodishie ya mtu mzima kwa kufikiri ataikulia. Ile inayopwaya shingoni na mikononi huingiza maji, na hapo haina tofauti na koti la mvua.

Kuhusu mlango wa mto, ni kweli maji yake ni ya kina kifupi na hupata joto mapema kuliko ziwa. Superior lina kina cha mita 406 mahali pake penye kina kirefu kuliko pote, na maji huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yanapokuwa na nyuzi 4, kwa hiyo katika majira ya kuchipua maji ya juu yanayopata joto kidogo huzama na kuchanganyika na ya chini, na jua la Mei linakuwa kama linapasha moto sufuria yenye kina hicho chote. Tabaka la juu lenye joto huanza kutulia Juni ikielekea Julai. Mtoni si hivyo. Lakini usidhani nyuzi 12 ni usalama. Mshtuko wa baridi huanza kuonekana kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 25, na kati ya nyuzi 10 na 15 huwa umekwisha kufikia ukali wake wote. Kushuka kutoka hapo hadi nyuzi 4 kunaongeza kasi ya viganja kufa ganzi, si ukubwa wa ile pumzi ya kwanza. Tena mto uliojaa theluji iliyoyeyuka una mkondo wenye nguvu na miti iliyoanguka, ambayo hupitisha maji na kumnasa mtu katikati ya matawi yake.

Hata kiangazi usiiamini namba ya jana. Upepo wa nchi kavu ukivuma siku moja au mbili, husukuma maji ya juu kuelekea katikati ya ziwa, na ya chini hupanda kuziba pengo, kwa hiyo ufuko uliokuwa na nyuzi 18 unaweza kuamka na 8. Idara ya bahari na anga ya Marekani, NOAA, hutoa vipimo vya maboya na picha za joto la uso wa ziwa kila siku. Vitazame asubuhi ya safari, kisha tia kipimajoto chako mwenyewe majini.

Mtu wa Buffalo alijibu:

Nami niongeze upande wa sheria, kwa kuwa mijadala hii mara nyingi humwachia mtu binafsi uamuzi ambao majimbo mengine yameshauamua. Hapa New York, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 1 Mei, kila aliyemo kwenye chombo cha starehe chenye urefu wa chini ya futi 21 lazima awe amelivaa jaketi okozi. Massachusetts wapiga kasia wanalazimika kulivaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Mei. Kwenu Minnesota sheria inamlazimisha mtoto wa chini ya miaka 10, na kwa wengine inatosha jaketi kuwamo chomboni, kwa hiyo wenzako hawavunji sheria yoyote. Lakini sheria kukuruhusu si ushahidi kwamba maji nayo yamekuruhusu. Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani mwaka baada ya mwaka zinafanana: karibu robo tatu ya wanaokufa kwenye ajali za boti za starehe huzama, na kati ya hao zaidi ya 8 katika kila 10 hawakuwa wamevaa jaketi.

Pia tusiwasahau wenye boti za injini, maana wavuvi wetu wengi wa huku hawapigi kasia. Mtu anasimama kukojoa au kuvuta samaki, anatumbukia peke yake, na boti inaendelea na safari yake bila yeye. Tangu Aprili 2021 sheria ya nchi inadai kwamba mwendeshaji wa boti ya chini ya futi 26 yenye swichi ya kuzima injini ajifunge ile kamba yake, inayoizima injini mtu akitumbukia, wakati boti inakwenda kasi. Ninawaona wengi wameining'iniza kwenye usukani kama pambo.

Mama wa Southampton alijibu:

Mimi ninaishi Uingereza, sipigi kasia, lakini nina watoto waendao kambi za shule, na kuna tukio ambalo wazazi wa huku hawalisahau. Tarehe 22 Machi 1993 wanafunzi 8 wa Plymouth na mwalimu wao, wakiongozwa na wakufunzi 2, walitoka Lyme Regis kwa kayaki kuelekea Charmouth, mwendo mfupi tu wa kufuata ufuko. Upepo uliwasukuma baharini, kayaki zikapinduka na kujaa maji, na msaada uliitwa saa kadhaa baada ya wakati ambao walitarajiwa kufika. Wanafunzi 4 walifariki. Kampuni iliyowapeleka ilihukumiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuvipa leseni vituo vya michezo ya namna hiyo kwa vijana.

Ninalitaja kwa sababu ya huyo mtoto wa miaka 12. Ndugu Mkerewe ameuliza kuhusu suti, nami ningependa ajue kwanza ni nani katika kundi hilo anayeongoza, kama amewahi kumrudisha mtu kwenye kayaki akiwa katikati ya maji, nani nchi kavu anajua saa yao ya kurudi, na huyo wa nchi kavu atampigia nani saa hiyo ikipita. "Mita 100 kutoka ufuko" ni maneno waliyoweza kuyasema hata wale wa Lyme.

Nanga ya Bayfield alijibu:

Mama ameuliza maswali ambayo mimi nilipaswa kuyatanguliza. Ndugu, waulize wenzako kayaki zao ni za aina gani. Zile fupi za burudani zinazouzwa kwenye maduka makubwa hazina vyumba vilivyozibwa ndani. Zikipinduka hujaa maji pomoni, na hata mkiigeuza haiwezi kupandwa tena mkiwa majini. Ikitokea umetumbukia, usianze kuogelea. Shika kayaki, tulia, acha jaketi likubebe mpaka pumzi irudi, ndipo ufikirie. Taasisi ya waokoaji ya RNLI huko kwa Mama hufundisha umma jambo hilo hilo, elea kwanza. Usiiache kayaki kwenda ufukoni isipokuwa ufuko uko karibu kweli na upepo unakupeleka huko, kwa sababu chombo kinaonekana kutoka mbali na kichwa cha mtu hakionekani.

Filimbi ifungwe kwenye jaketi. Simu au redio ya VHF, ambayo dharura yake ni chaneli ya 16, ikae mwilini mwako ndani ya mfuko usioingiza maji. Ikiwa ndani ya kayaki, na kayaki imekuponyoka, huna redio. Na andika jina na namba ya simu ndani ya kila kayaki, maana Walinzi wa Pwani wakikuta kayaki tupu inaelea hulazimika kuanza kumtafuta mtu, na namba hiyo huwawezesha kujua kama mwenyewe yuko kitandani kwake au yuko majini.

Mkerewe wa Duluth alijibu:

Nimezungumza na wenzangu. Kayaki tatu kati ya tano ni hizo fupi za burudani, na hakuna aliyewahi kufanya zoezi la kumrudisha mtu chomboni. Mmoja alikasirika kidogo, akasema wamefanya hivyo kila mwaka na hakuna lililotokea. Sikubishana naye, nilimwekea ndoo ya barafu mezani.

Tumekubaliana hivi. Safari ya ziwani tumeisogeza hadi Julai. Jumamosi hiyo ya Mei wawili tulio tayari tutakodi suti zisizopitisha maji na kwenda kwenye ghuba moja ya mlango wa mto, isiyo na mkondo, pamoja na mkufunzi, ili tujifunze kupinduka na kupanda tena kwenye maji yasiyofika kifuani. Mwanangu atakuwa ufukoni na mama yake, wakiwa na blanketi na chupa ya chai. Nina swali moja la mwisho: je, yeye naye anaweza kushiriki zoezi hilo Julai, au nisubiri akue?

Nanga ya Bayfield alijibu:

Julai anaweza, kwenye ziwa dogo la ndani lenye nyuzi 20 na kuendelea, akiwa na suti ya neopreni ya saizi yake na jaketi la uzito wake. Lijaribu jaketi ufukoni kabla ya kuingia: mshike mabegani kwa juu ya jaketi, ulivute kwenda juu, likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, mbadilishie. Mwili wa mtoto hupoa upesi kuliko wako, kwa hiyo zoezi liwe fupi, na akianza kutetemeka mtoe nje, hata kama anakuomba arudie mara moja tu.

Na ghuba hiyo ya Mei, hakikisheni mnaingia upande ambao upepo unaelekea ufukoni.